Uduvi wa Wael

Siku Wael alipoondoka kwenda Bangkok kutibiwa, nyumba yao ya Mabela, Maskati, ilijaa watu tangu asubuhi. Wajomba, mashangazi na majirani waliokuja na birika za kahawa na sahani za halua, wote walikaa sebuleni wakizungumza kwa sauti za chini kama watu waliokuja matangani, na Wael mwenyewe hayumo miongoni mwao. Dada yake, Manal, alimkuta chumba cha pili, amepiga magoti mbele ya tangi lake la samaki. Kofia ya sufi ilimfunika kichwa kilichopukutika nywele, na uso ameusogeza mpaka kioo kinaingia ukungu kwa pumzi zake.

"Watu wanakusubiri," Manal alimwambia.

"Watasubiri. Njoo kwanza nkuoneshe."

Tangi lilikuwa refu kama kitanda cha mtoto, limepandwa majani chini hadi juu, mengine mapana, mengine mororo kama pamba ya kijani iliyofungwa kwenye vipande vya mti. Ndani yake waliishi samaki wa kila namna: wadogo wenye mstari wa buluu waliokwenda kwa kundi, wengine wenye mikia ya rangi kama khanga, na wawili bapa wenye mapezi marefu, waliotembea polepole kama mabwana shamba. Na chini, juu ya majani mororo, walikuwamo uduvi wekundu, mmoja si mkubwa kuliko ukucha, wakichokoachokoa kwa mikono yao midogo bila kupumzika.

Kwa miaka miwili Wael, karani wa benki huko Ruwi, alikuwa akihangaika kuwafanya uduvi wale wazaliane humo humo pamoja na samaki. Wenzake wa mchezo huo walimwambia awatenge, maana vitoto vya uduvi ni chakula cha kila samaki mwenye mdomo. Hakutaka. Alisema kuwaweka peke yao hakuna kazi. Kazi ni wakae wote nyumba moja na wazae.

"Samaki usiwape chakula kingi," alimwambia dada yake. "Maji yakipungua, jaza kidogo kidogo, na usiyatie moja kwa moja kutoka bombani, yana moto, utawapika. Na ukimwona mmoja ana mayai tumboni, nambie. Hata ikiwa nipo na madaktari, nambie."

"Nitakwambia."

"Wewe ndo nnayekuamini, Manal."

Manal aliitikia kwa kichwa tu.

Alikuwa na miaka hamsini kasoro, mwalimu wa jiografia katika skuli ya wasichana. Aliolewa mara moja, akaachika, akarudi kwa mama yake na hakuona tena haja ya kuhama. Baba yao alifariki Wael akiwa hajui hata kufunga viatu, na tangu hapo mtoto yule akawa wa Manal. Yeye ndiye aliyempeleka skuli siku ya kwanza, aliyekaa naye kitako kwenye hesabu, aliyekwenda kumgombea alipoonewa. Alimtafutia mke, na ndoa ilipovunjika, yeye ndiye aliyekwenda kurudisha vitu. Ukoo mzima ulimjua kuwa ni mtu wa kupigiwa simu. Cheti kimekwama, gari limezimika njiani, bibi kaanguka bafuni: mwiteni Manal. Basi madaktari waliposema damu ya Wael imeingia saratani na dawa peke yake hazitatosha, Manal hakuona hata la kufikiri. Watampima, watachukua uboho wake, watampa mdogo wake, atapona.

Walimpima yeye na Nasr, ndugu yao wa katikati. Nasr alilingana na Wael nusu. Manal hakulingana naye kabisa.

"Pimeni tena," alimwambia daktari.

"Tumepima mara mbili, mwalimu."

"Mimi ndiye niliyemlea."

Daktari, kijana mpole mwenye miwani, aliinamisha macho mezani. Manal mwenyewe alijua amesema jambo la kitoto.

Kwa hiyo Nasr ndiye aliyefuatana na Wael. Manal alibaki na mama yao, Bi Zuwena, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa kumbeba, na Nanteza, msichana kutoka Uganda aliyemhudumia. Na uduvi.

Bi Zuwena hakuwaelewa wadudu wale hata siku moja. Alisogezewa kiti chake karibu na tangi, akawa anawatazama huku akitingisha kichwa. "Kwetu Unguja uduvi tukinunua kwa kibaba, tukautia tui na nyanya," alisema. "Mwanangu kaujengea nyumba ya kioo, kautilia na taa."

"Mama, usiseme hivyo, atasikia," Manal alimjibu kwa mzaha, kwa sababu Wael alikuwa kwenye simu, uso wake umejaa kwenye kioo cha simu, nyuma yake ukuta mweupe wa hospitali.

"Nshasikia," Wael alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Wiki za mwanzo zilipita hivyo, si mbaya sana. Asubuhi moja Manal alikuta uduvi mmoja amelala chini, mweupe, mtupu, anapita mwanga, na moyo ukamruka. Alimpigia Wael. Wael alimwambia asogeze simu, akatazama, akamwambia lile ni gamba tu, uduvi akikua hulivua akatoka na jipya. Mwenyewe kajificha mahali mpaka mwili ukauke. Manal alitafuta, na kweli, nyuma ya kijiwe alikuwako mmoja mpya, mwekundu kuliko wenzake wote. Alikaa kitini akashusha pumzi. Kumbe inawezekana kuogopa hivi kwa ajili ya uduvi, aliwaza, akajionea haya kidogo.

Mwezi wa Juni, jike mmoja akabeba mayai. Nanteza ndiye aliyemwona wa kwanza, alipokuwa akifuta kioo.

"Madam, njoo uone, huyu ana kitu hapa chini. Kama zabibu ndogo ndogo."

Yalikuwa mayai ya manjano, yamejipanga chini ya tumbo, na jike akiyapepea bila kuchoka kwa vijiguu vyake. Manal alipiga simu palepale. Wael alikuwa ametoka kutiwa dawa kali ya kupunguza maradhi kabla ya kupewa uboho wa Nasr, midomo imempasuka, sauti haitoki vizuri. Hata hivyo alimwambia asiondoe simu mbele ya kioo. Walikaa vile kitambo kirefu, yeye huko na dada yake huku, wote wakimtazama jike mmoja akipepea mayai.

Yalianguliwa baada ya wiki chache. Manal aliviona vitoto kwa shida, kila kimoja mfano wa punje ya mchele iliyovunjika, vinapita mwanga, vimeshikilia majani. Alitaka kuvihesabu, na alipokuwa bado ameinama, samaki mmoja bapa akaja taratibu, akasimama mbele ya jani, akafungua mdomo. Kitoto hakikuwapo tena. Kisha wale wadogo wenye mistari ya buluu nao wakaja, mmoja baada ya mmoja. Manal aligonga kioo kwa kidole. Samaki walikimbia, wakarudi. Aliwapa chakula wakinai, wakala chakula, kisha wakarudi kwa vitoto. Siku ya pili hakuona hata kimoja.

"Niache niwatoe samaki," alimsihi Wael. "Nitawatia kwenye ndoo, nitawapa watu, usijali. Uduvi watazaa raha mustarehe."

"Usiwatoe."

"Kwa nini lakini?"

"Wakiwa peke yao sitaki. Tia majani zaidi. Watajificha."

Manal alitia majani zaidi. Kila Ijumaa baada ya kumwogesha mama yake alikwenda dukani, akarudi na mafungu ya majani ndani ya mifuko ya maji, akayapandikiza kwa koleo ndogo kama alivyoelekezwa. Majike wawili wengine wakabeba mayai. Nasr alipiga simu kusema siku imepangwa, na siku hiyo ilipofika, uboho wake ukaingia kwenye mshipa wa Wael ndani ya mfuko mmoja mdogo. Haukuchukua hata muda wa kupika wali, Nasr alisema. Kilichobaki ni kungoja chembe za damu zipande.

Wakati wa kungoja huko, kiyoyozi cha chumba cha tangi kikafa.

Ilikuwa ni siku za lile joto ambalo watu wa Maskati huzima hita za maji na kuzifanya ndizo za maji baridi, kwa kuwa matangi ya juu ya paa yanachemka. Manal alirudi kutoka kumpeleka mama yake kliniki, akafungua mlango, akapigwa na hewa ya moto usoni. Kipimajoto cha tangi kilikuwa kimeshavuka pale ambapo Wael alimwambia kisivuke. Alipiga simu kwa fundi.

"Bukra, inshallah," fundi alisema, yaani kesho.

"Bukra watakuwa wamekufa!"

"Nani, ustadha?"

Atasema nini, uduvi? Manal alikata simu, akapiga kwa fundi mwingine, na mwingine. Wote walikuwa juu ya mapaa ya watu wengine. Mabela nzima viyoyozi vilikuwa vikifa wiki ile. Nanteza alileta feni, wakaielekeza kwenye uso wa maji. Walitia barafu kwenye chupa, wakazitumbukiza majini. Joto likashuka kidogo, barafu ikayeyuka, joto likapanda. Walizitoa chupa, wakaweka nyingine. Friji ikaishiwa barafu. Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wanagugumia hewa. Uduvi walipanda nao, wakang'ang'ania majani yaliyo karibu na uso wa maji, wale majike na mayai yao wamo. Halafu wakaanza kuachia, mmoja mmoja, wakishuka chini polepole, ubavu ubavu.

Rangi yao ilibadilika. Wekundu ule wa kung'aa ukawa waridi zito lisilopita mwanga, kama walivyo kamba wakitolewa kwenye sufuria.

Bi Zuwena alitazama kutoka kitini kwake, na safari hii hakufanya mzaha. "Waache, mwanangu," alisema. "Umeshafanya."

"Sijafanya kitu, Mama."

"Madam, pumzika," Nanteza alimwambia. "Mimi nitabadilisha chupa. Hawa samaki bado wako."

Manal hakupumzika. Alisimama pale mkono mmoja ndani ya maji, akishika chupa ambayo barafu yake ilikuwa imeshakwisha, na simu ikalia mfukoni. Alikuwa Nasr.

"Chembe hazipandi," Nasr alisema. "Wanasema wangoje tena, lakini naona nyuso zao. Haukushika, Manal. Nimempa kibovu."

"Hukumpa kibovu."

"Basi nini? Mimi ndo nlolingana. Mimi ndo wa pekee." Alikuwa akilia, Nasr ambaye hata baba yao alipozikwa hakulia. Manal alitafuta neno la kumpa. Maisha yake yote alikuwa na neno la kumpa mtu: nenda kwa fulani, fanya hivi, ngoja nije. Mwishowe alikaa naye tu kwenye simu, akimsikiliza akilia, maji ya tangi yakimchirizika kwenye kiwiko mpaka kwenye nguo.

Fundi alikuja kesho yake, akabadilisha kitu kidogo, chumba kikapoa kabla hajamaliza kahawa yake. Samaki waliishi wote. Uduvi hakubaki hata mmoja.

Manal hakumwambia Wael kwa siku kadhaa. Wael naye alikuwa na homa, hakuuliza. Alipopata nafuu kidogo akapiga, akataka kuona tangi. Manal akaelekeza simu kwenye majani, kwenye samaki wenye mikia ya rangi, akaipitisha haraka haraka.

"Hapana, pale nyuma ya mti," Wael alisema. "Simama. Sasa shuka chini."

Manal aliigeuza simu ikaelekea kwake mwenyewe. "Wamekufa, Wael. Eisi ya chumba iliharibika. Nilijaribu barafu, nilijaribu feni. Wamekufa wote."

Wael alimtazama. Nyusi zake zilikuwa zimeanguka, kwa hivyo hukuweza kumjua amekasirika au vipi.

"Na wale wenye mayai?"

"Wote."

"Haya," Wael alisema. "Wewe utafanyaje na jua?" Kisha akasema amechoka, anataka kulala, akakata.

Alirudi nyumbani mwezi wa Novemba, hali ya hewa imepoa, watu wamefungua madirisha. Huko Bangkok walikuwa wamejaribu mara ya pili, ikashindikana, na maradhi yakarejea. Madaktari walisema maneno mengi ya upole ambayo maana yake ilikuwa moja: nendeni kwenu. Uwanja wa ndege Manal alimpita bila kumtambua. Nasr ndiye aliyemwita, na yule mzee aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akanyanyua mkono.

Jambo la kwanza alilotaka ni uduvi. Manal alimpeleka dukani mwenyewe, akimsukuma kwenye kiti, Wael akachagua mmoja mmoja kwa kidole, na muuzaji akawavua kwa wavu mdogo kwa subira kubwa. Wakawatia kwenye tangi lile lile, pamoja na samaki wale wale. Kitanda cha Wael kikahamishiwa humo chumbani. Alilala kwa ubavu, uso kwenye kioo, na mara nyingi Manal aliporudi kutoka skuli alimkuta hivyo alivyomwacha.

Majike wakabeba mayai, maana hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mayai yakaanguliwa. Wael aliomba miwani ya kukuzia, akaomba pia aketishwe. Manal alikaa nyuma yake kitandani akamwegemeza kifuani, akahisi kila mfupa wa mgongo wake. Vitoto vilikuwa juu ya majani, vidogo vile vile kama vya mara ile. Na samaki bapa akaja taratibu vile vile.

Manal alimlaza mdogo wake kwenye mito, akaruka kuchukua wavu.

"Manal, kaa."

"Anakula, Wael! Anawamaliza!"

"Namwona. Kaa na mimi."

"Nikae nitazame tu?"

"Ee. Kaa utazame."

Alikaa. Wavu alikuwa bado ameushika, ukimdondoshea maji mapajani. Walitazama wote wawili mpaka adhana ya alasiri, na kwa macho yake hakuna kitoto kilichosalimika. Alitaka kumuuliza Wael kwa nini, anapata nini katika kutazama jambo kama lile. Alipogeuka, Wael alikuwa amelala.

Alifariki mwezi wa Januari, asubuhi, Manal amemshika mkono. Kabla ya hapo Manal alikuwa amepandisha mto, ameushusha, amemlowesha midomo, amempigia simu muuguzi, amesoma Yasini, amepandisha tena mto. Alipoona hakuna tena la kupandisha wala kushusha, alimshika mkono tu. Walimzika kabla ya adhuhuri. Nasr aliingia kaburini kumpokea, na alipotoka hakutaka mtu amguse.

Baada ya arubaini, maji ya tangi yakaanza kuchafuka. Uduvi wakubwa walikuwa wamebaki wachache, samaki walikuwa wazima, lakini maji hayakutembea kama kawaida. Manal alifikiri ni pampu. Chini ya meza ya tangi kulikuwa na chujio, debe jeusi lililounganishwa na tangi kwa mipira miwili, mmoja ukivuta maji na mwingine ukiyarudisha. Alikuwa hajalifungua hata siku moja, na hakuwa amemwona Wael akilifungua tangu aanze kuumwa. Alizima umeme, akalitoa, akaliweka ndani ya beseni katikati ya chumba. Nanteza akamsaidia kufungua vibanio.

Walipoinua kifuniko, maji meusi yalikuwa yakitikisika. Manal alidhani ni uchafu. Akasogeza taa.

Walikuwa ni uduvi. Wadogo, wa kati, wengine wakubwa karibu kama wazazi wao, weupe weupe kwa kukosa mwanga, wamejaa juu ya sponji kama chungu juu ya sukari. Walikuwa wamevutwa na maji wakiwa vitoto, wakapita kwenye tundu ambamo samaki hapiti, wakakua humo gizani wakila uchafu.

"Madam!" Nanteza alisema, mkono mdomoni. "Hawa wote?"

Manal alikaa chini sakafuni. Alihesabu miezi. Kwa ukubwa wao walikuwa humo siku ile alipokaa na wavu mapajani. Walikuwa humo chini ya meza, hatua mbili kutoka kwenye sikio la Wael, muda wote aliokuwa akiangalia samaki wakila. Bila kujua anachofanya alitoa simu, akatafuta jina la Wael, kidole kikasimama juu yake.

"Kuna nini huko?" Bi Zuwena aliuliza kutoka sebuleni. "Mbona mmenyamaza?"

"Hakuna kitu, Mama."

Aliirudisha simu mfukoni. Uduvi walikuwa wakisogea sogea katika maji yale machache, na hakujua awafanye nini. Akiwarudisha tangini samaki watawala wadogo, akiwaacha kwenye beseni watakufa kabla ya usiku, na mtu wa kumuuliza hayupo. Nanteza alimngoja, ameshika kifuniko kwa mikono miwili.

"Tufanye nini, Madam?"

"Sijui," Manal alisema. Na kwa kuwa hakujua, aliosha mipira tu, akalijaza debe maji ya tangi, akachukua kifuniko kutoka mikononi mwa Nanteza, akawafunika humo humo walimokulia.